Salamu Chaneli ya Pili, Kazi Chaneli ya Kwanza

Kshhh-tu.

Ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote, hata kuliko kengele ya shule yetu ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa na kugongwa kwa spana. Unaachia kitufe cha redio, unasikia upepo mfupi, halafu kitu kama mlango mdogo unaofungwa mbali. Mafundi wanauita mkia. Ukisikia mkia, ujue maneno yako yamefika juu na huko juu yamepokelewa. Usipousikia, ulikuwa unaongea na kifua chako mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na kabati la redio hapa Cheektowaga. Nimestaafu. Najua mnacheka, maana nina miaka thelathini na moja na magoti yangu yote mazima, lakini keki mliyoninunulia imeandikwa hongera ya kustaafu, na mimi si mtu wa kubishana na keki. Emmanuel wa friza ndiye aliyetumwa dukani. Alichagua yenye maua mengi, maandishi hakuyasoma. Basi mstaafu ni mstaafu, na mstaafu huacha kumbukumbu. Habari za kupandishwa cheo sitazigusa, kwa kuwa zingeisha ndani ya mstari mmoja. Nitawaeleza habari ya redio na habari ya kiti.

Kiti ni kile mnachokijua, cha kibandani, pale mama mdogo wangu Adela anapokaa na kuyapangia malori milango. Mama mdogo alinilea tangu mama yangu alipofariki kambini. Alibeba maji kichwani miaka kumi na nne, na goti lake la kushoto likaamua kwamba inatosha. Akisimama kwa saa mbili, linavimba. Akisimama kwa saa kumi, kama wanavyosimama watu wa kufunga maboksi, kesho yake hashuki kitandani. Kwa hiyo katika kila ghala tulilofanyia kazi Marekani, swali lilikuwa lile lile: Mama mdogo atapata kiti, na atakaa nacho siku ngapi? Kazi ya kiti ni moja tu, ya redio. Na kiti hicho tulikipoteza mara mbili, Louisville na Columbus, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu. Hilo nalisema mapema ili msije mkamlaumu yeye.

Louisville tulikaa mtaa wa Iroquois, na kazi ilikuwa upande wa Shively, ghala la vyakula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sekondari nilikuwa nimeimaliza kwa huruma ya mwalimu wa hesabu, ambaye nadhani alichoka kuniona. Siku ya kwanza nilipewa kazi ya kuchaji redio arobaini, kuzigawa asubuhi na kuzikusanya jioni. Niliziona nzuri sana, zimepangwa na vitaa vyao vya kijani, nikazipa majina. Msiniulize kwa nini. Ile yenye antena iliyopinda niliiita Askofu.

Wiki hiyo hiyo alikuja fundi kutengeneza mashine ya juu ya paa. Alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, Papa Musafiri, mzee mfupi aliyevaa tai ndani ya ovaroli. Aliniomba nimshikie ngazi. Nilimshikia, halafu nikapanda nyuma yake bila kuambiwa, na hivyo ndivyo nilivyopata shule yangu ya pili. Kwenye chumba kidogo chini ya paa kulikuwa na kisanduku cha chuma kinachopumua joto. Nikamuuliza ni nini.

“Bon,” akasema. “Redio ya mukono ni mutu mufupi. Anasema, ukuta unamukatala. Donc tunatafuta mutu murefu, tunamuweka juu ya nyumba. Mufupi anasema, murefu anasikia, na palepale anarudilia kwa nguvu. Wote wanasikia.”

Mtu mrefu huyo ndiye ripita. Nilimuuliza anawezaje kusikia na kusema kwa wakati mmoja bila kujisikia mwenyewe akawa kichaa. Akaniambia ana njia mbili. Anasikiliza kwenye masafa yake ya sikio na anasema kwenye masafa mengine ya mdomo, na katikati kuna mitungi ya chuma inayozuia mdomo usilipigie sikio kelele. Redio zetu za mkononi zimefanywa kinyume chake: zinasemea pale anaposikiliza, na zinasikiliza pale anaposemea. Nilisema kwamba sijawahi kuona kiumbe kinachosikiliza na kuongea kwa pamoja. Papa Musafiri akasema mke wake anaweza, na hana antena.

Sheria zake zilikuwa chache. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme, kwa sababu mtu mrefu anahitaji kuamka; ukikurupuka, anameza neno lako la kwanza. Ukimaliza, achia na usikilize mkia. Usibonyeze bila kusema kitu, eti unajaribu tu kama mashine iko hai. Hilo alilichukia kuliko yote. Alisema ni sawa na mtu kupiga hodi kwenye nyumba ya watu halafu akakimbia. Na ya mwisho: usishike kitufe zaidi ya dakika moja. Mashine ina saa ndani. Dakika ikipita inakukata, ili mtu aliyelalia redio yake asiwafungie wengine mlango. Na wewe uliyekatwa huambiwi. Unaendelea kuongea tu.

Niliandika yote kwenye daftari. Kisha sikumwambia Mama mdogo.

Hapa lazima nieleze, maana wengine mmezaliwa huku. Mama mdogo alikuwa amepewa kiti cha redio mwezi huo, kwa vile watu wa foklifti karibu wote walikuwa wa kambi zetu na Kiswahili kilitosha. Na kwetu humpi mtu kazi kabla hujamuuliza amelalaje. Mama mdogo akimwita Baba Kelia wa foklifti namba tatu, alianza na amelalaje, akaja kwa watoto, akaja kwa mke na tumbo limefika wapi, akampa pole ya mafua ya wiki iliyopita, akamshukuru Mungu kwa niaba ya wote wawili, na mwisho kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni, akataja namba ya mlango wa lori. Yote kwa pumzi moja, kidole kwenye kitufe. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu. Nilihesabu. Namba ya mlango ilikuwa inakuja kwenye sekunde ya sabini na kitu.

Ningemwambia nini? Mama, fupisha salamu? Mimi, niliyefundishwa kusalimia na yeye mwenyewe, kwa kiboko kidogo? Nikanyamaza. Nikajiambia labda saa ya mashine itakuwa na heshima.

Haikuwa nayo. Siku hiyo lilikuja lori la kuku waliogandishwa. Mama mdogo alimsalimu Baba Kelia vizuri kabisa, akamtajia mlango wa tisa, akaachia kitufe, akachukua chai yake. Baba Kelia upande wa pili alisikia mpaka kwenye tumbo la mkewe, halafu kimya. Alidhani mama amepatwa na huzuni katikati ya maneno. Kwa adabu akasubiri aendelee. Mama mdogo naye akasubiri kuku waondolewe. Walisubiriana kwa heshima muda wa saa moja na nusu, na kuku hawakuwa na subira hiyo. Tulipofungua mlango wa tisa, maji yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye viatu vya bosi.

Mama mdogo alipelekwa kwenye maboksi. Alisimama wiki tatu. Jioni nilikuwa namkanda goti kwa maji ya moto na chumvi, na yeye ananiambia haelewi, alisema kila kitu, namba aliitaja kwa sauti. Nilijua kilichotokea na nikamweleza wakati huo, wakati ambapo hakuna faida. Halafu akauliza kama Baba Kelia alisikia pole ya mafua. Nikasema alisikia. Akasema basi si haba.

Tulihamia Columbus kwa sababu binamu yetu alikuwa na chumba cha ziada. Huko tulipata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mimi nilipewa kabati la redio, safari hii na ruhusa ya kugusa kompyuta ya kuzipangia chaneli, na nikamwombea Mama mdogo kiti. Mara hii nilimfundisha. Tulikaa jikoni na saa ya ukutani, akajizoeza kusalimia kwa sekunde ishirini. Alisema anajihisi kama askari polisi. Lakini aliweza, na aliyabakiza ya maana: umelalaje, watoto, asante Mungu, mkokoteni wa mashuka laini ya nne.

Mimi, kwa ujuzi wangu mpya, nikaongeza chaneli ya pili kwenye redio zote. Papa Musafiri alikuwa amenishauri kwa simu kwamba ripita ikifa siku moja, watu wawe na njia ya kuongea redio kwa redio, bila mtu mrefu. Hiyo ndiyo simpleksi. Ni njia moja, unasemea hapo na unasikilizia hapo hapo. Haihitaji umeme wa juu wala mnara. Ila inakwenda pale tu ambapo redio yako yenyewe inaweza kufika, na ukuta wa chuma ni ukuta wa chuma. Kule Columbus niliitengeneza ili isemee moja kwa moja kwenye yale masafa ya mdomo wa ripita. Kwa hiyo aliye karibu nawe anakusikia hata kama yeye yuko chaneli ya kwanza, na wewe unawasikia wote. Niliona ni akili nyingi sana. Sikumwambia mtu, nilitaka kuja kuwashangaza siku ya shida.

Sasa, Mama mdogo ni msafi. Kila asubuhi aliifuta redio kwa ncha ya kitenge, juu mpaka chini, pamoja na swichi ya kuzungusha iliyo juu. Asubuhi moja aliifuta ikaenda kwenye mbili.

Akawasalimu watu wake. Waliokuwa karibu wakamsikia, wakajibu. Baba Yohana, aliyekuwa nyuma ya mashine kubwa za kufulia, chuma kitupu, hakusikia kitu. Mama mdogo akamwita tena. Kimya. Na huku anamsikia akiongea na wengine, anacheka hata. Siku ya kwanza alisema labda ana mawazo. Siku ya pili alisema labda ni yale maneno ya kwaya, aliposema sauti ya tatu inaburuta na Baba Yohana ndiye sauti ya tatu. Siku ya tatu hakusema kitu, na huyo ndiye Mama mdogo wa kuogopwa. Siku ya nne akaacha kumwita kabisa. Mashuka yote akayapeleka kwenye laini nyingine. Baba Yohana alikaa bure anapiga miayo, wenzake walizama kwenye mashuka mpaka kiunoni, na wote walijua sababu: Baba Yohana amekataa salamu ya mama wa watu.

Jumamosi mchungaji aliwaita. Walikuja wazee wawili wa kanisa, chai, chapati, na Biblia mbili za lugha tofauti ili kusiwe na upendeleo. Baba Yohana aliapa mkono juu hajawahi kusikia salamu hata moja. Mama mdogo akasema alimwita mara kumi na mbili. Mzee mmoja akasema basi mmoja wenu anahitaji maombi. Wakaomba mpaka saa nane mchana. Baba Yohana akamsamehe Mama mdogo, Mama mdogo akamsamehe Baba Yohana, wakalia wote, nami nikalia, sijui nilikuwa nalilia nini.

Jumatatu Muthoni, Mkenya aliyekuwa anasoma chuo na kusimamia zamu yetu, alichukua ile redio mkononi, akabonyeza, akaachia, akasikiliza. Akanigeukia.

“Aki, Beli, hii redio haina makosa,” akasema. “Imewekwa direct. Sasa nyinyi mmeombea swichi siku nzima?”

Nilitamani nizame kwenye mashuka. Muthoni alicheka lakini hakunisema kwa bosi. Bosi hakuhitaji kusemewa. Alikuwa ameona mlima wa mashuka wa siku hizo na hospitali zilikuwa zimepiga simu. Kiti akapewa kijana mwingine. Mama mdogo akasimama tena, kwenye kukunja mashuka. Aliponiuliza, nilimweleza habari ya chaneli ya pili ambayo sikuwa nimemwambia. Alikuwa amelala chali, goti juu ya mto.

“Beli,” akasema, “wewe unajua mambo, halafu unayaweka kama vyombo vya wageni.”

Sikulala vizuri siku nyingi kwa neno lile. Hata leo nikifundisha mtu redio, naanza kwa kumwonyesha kila swichi, pamoja na ile ambayo hataitumia kamwe. Ndiyo maana mnaniona nachosha.

Buffalo tulikuja kwa basi, na theluji ikatupokea kituoni. Ghala hili la Cheektowaga mnalijua: marefu yake, rafu za chuma mpaka darini, friza kule mwisho, uani malori ya kuvuta matela. Mashine mpya ya ripita ilikuwa inafungwa wiki tuliyofika. Niliomba kazi nikiwa nimesimama chini ya ngazi ya fundi, nikamtajia mitungi, masikio na midomo, akamwambia meneja anichukue. Meneja ni Bi Donna, mnamjua, hana maneno mengi. Nilimwombea Mama mdogo kiti. Akakubali kwa majaribio.

Safari hii Mama mdogo alijua kila kitu. Sekunde ishirini, swichi ya juu, mkia, hesabu moja. Nilikuwa nimeyamwaga yote, hata yasiyomhusu. Tatizo likatoka mahali ambapo hakuna kitabu cha redio kinachopataja. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, zamu inapoanza, Mama mdogo aliwasha redio na kusema, “Bwana asifiwe.” Watu thelathini wakabonyeza kwa pamoja kujibu “Amina.”

Ripita ina sikio moja. Wakiongea wawili mara moja, ama mwenye nguvu anammeza mwenzake, ama vinatoka vilio. Wakiongea thelathini, inatoka sauti ambayo mimi nimewahi kuisikia mara moja tu, mbuzi alipoanguka kwenye pipa. Na kwa kuwa hakuna aliyeisikia Amina yake mwenyewe ikitoka, kila mtu aliirudia, asije akaonekana hakujibu. Halafu mmoja anauliza nani amejibu, mwingine anamsalimu mwingine, na kabla hamjajua ni saa kumi na mbili na robo, madereva wa uani, ambao ni wenyeji wa hapa na hawajui lolote, wanapiga honi kwa hasira kwa sababu hawawezi kuingiza neno.

Bi Donna alivumilia wiki mbili. Jumatatu ya wiki ya tatu alikuja kibandani, nikatafsiri mimi. Alisema hana ugomvi na dini ya mtu wala lugha ya mtu, ila chaneli ile ni ya kazi. Ijumaa saa kumi na mbili atakaa ofisini na redio yake asikilize. Akisikia tena ule mlio, kiti kitapata mtu mwingine na mama ataenda kwenye maboksi. Nilitafsiri yote mpaka maboksi. Mama mdogo alilishika goti lake kama anavyoshikwa mtoto kwenye umati.

Jioni nilimwambia labda aache tu ile Bwana asifiwe, aanze na mlango moja kwa moja. Alikuwa anamenya viazi.

“Mimi nimtume mtu kwenye foklifti sijui kama ameamka mzima?” akasema. “Heri maboksi.”

Na alimaanisha. Nilimpigia simu Papa Musafiri, aliyekuwa bado Louisville, amestaafu kweli, si wa keki. Nilimweleza kila kitu, mpaka mbuzi. Alicheka akakohoa, nikasubiri. Kisha akaniuliza kama nimeisahau simpleksi.

“Salamu ni kitu ya karibu, donc iende njia ya karibu,” akasema. “Murefu mumuachie kazi.”

Nilikaa kwenye kompyuta ya redio siku mbili. Chaneli ya pili niliipa masafa yake yenyewe, si ya kuazima mdomo wa ripita kama nilivyofanya Columbus. Aliye chaneli ya kwanza asisikie kitu chake, na ripita isijue kama ipo. Halafu nikawaita watu wakati wa mapumziko. Nikawaambia dakika kumi kabla ya zamu wote tuzungushe kwenye mbili, tusalimiane tunavyotaka. Saa kumi na mbili kasoro dakika moja, wote kwenye moja. Na Amina iwe moja, itolewe na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Hapo ndipo ulipokuwa mjadala. Nani? Wazee walisema mkubwa wa umri. Vijana wakasema zamu kwa zamu. Walikaribia kuita mchungaji. Mwishowe Mama mdogo akaamua: atajibu aliyefika wa mwisho, ili tujue wote wamefika. Tangu siku hiyo hakuna anayechelewa kazini, maana hakuna anayetaka kuitolea Amina ghala zima.

Ikabaki friza. Emmanuel akiwa ndani ya friza, simpleksi haimfikii, kuta zake ni chuma na povu. Alilalamika kwamba atakuwa mtu pekee asiyesalimiwa, na baridi ile. Basi Mama Rehema, anayefanya kazi mlangoni pa friza, akakubali kusikiliza na kurudia maneno kwa sauti kupitia mapazia ya plastiki. Tulipata ripita ya pili, yenye skafu.

Ijumaa ilifika. Saa kumi na mbili kasoro kumi tukasalimiana kwenye mbili, vizuri mno, goti likaulizwa, mtoto mpya wa Baba Desire wa foklifti akatajwa uzito. Amina ikatoka, moja. Nilimwona Bi Donna kupitia kioo cha ofisi, redio mezani, masikio juu. Chaneli ya kwanza ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Alikuwa na wasiwasi nayo. Aliichukua akaigonga kwenye kiganja, nadhani aliona imekufa.

Halafu lori la kwanza likaingia uani. Mama mdogo akabonyeza, akahesabu moja, akamsalimu Baba Desire kwa sekunde nane, hajawahi kuwa mfupi vile, akamtajia mlango wa nne na kwamba dereva asogee. Akaachia. Uani hakuna lililosogea. Mlango wa nne ukabaki umefungwa. Dereva akatoa mkono dirishani.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliona swichi. Ilikuwa bado kwenye mbili. Kwa uzito wa mtoto yule alikuwa amesahau kurudi. Wengine wote walikuwa wamerudi kwenye moja, kwa hiyo hakuna hata mmoja, wala wa karibu, aliyemsikia. Na Bi Donna alikuwa amesimama sasa, anatazama lori.

Nawaambia ukweli wangu. Mkono wangu ulitaka kunyoosha uzungushe ile swichi kimya kimya, Mama asijue. Na ulimi ulitaka kufanya kile ulichofanya Louisville, yaani kulala. Ni vigumu kumsahihisha aliyekufundisha kula. Lakini nilikumbuka vyombo vya wageni.

“Mama mdogo,” nikasema, mbele ya watu, “mkia umeusikia?”

Akanigeukia. Uso wake ulitaka kukasirika, kisha ukasikiliza. Hakuna mkia. Akatazama juu ya redio, akanitazama mimi, akaizungusha mwenyewe kwa vidole viwili, polepole, kama anazima jiko. Akabonyeza. Akahesabu, niliona midomo. Mlango wa nne, akasema, na samahani baba, salamu nimeziacha njiani.

Kshhh-tu.

Mlango wa nne ukapanda. Lori likarudi nyuma. Bi Donna akakaa. Saa nne alipita kibandani, akamuuliza Mama mdogo kama kile kiti kinamtosha au alete chenye mgongo mrefu. Nilitafsiri. Mama mdogo alisema hiki kinatosha, ila mto mdogo hautakataliwa. Mto ule wa bluu ndio huo. Na siku hizi mtakuwa mmesikia, baadhi ya asubuhi, kwenye chaneli ya pili, sauti ya kike yenye Kiswahili cha maneno mawili, inauliza habari ya goti. Msiicheke. Inahesabu moja kabla ya kusema.

Hayo ndiyo ya kazini. Mimi naondoka kwenda kujifunza kupanda minara, ile mirefu yenyewe ya kando ya barabara kuu, kwa sababu tangu siku niliyomfuata Papa Musafiri juu ya ngazi sijaacha kuwaza kulivyo kule juu wanakokaa watu warefu. Mama mdogo anasema nitaanguka. Lakini amenishonea begi la spana kwa kitenge kile cha kufutia redio.

Leo mchana nyote mlikuwa kantini kwa ajili ya keki. Mama mdogo ndiye aliyewaita, na kwa kuwa keki ni jambo la karibu, aliita kwenye chaneli ya pili. Emmanuel aliambiwa kupitia mapazia. Mimi nilichelewa kwa kuwa nilikuwa nafunga kabati. Nilipopita kibandani hapakuwa na mtu. Redio ilikuwa juu ya mto wa bluu, imefutwa, inang'aa. Swichi kwenye mbili.

Sikumwita. Niliizungusha kwenye moja. Nikatazama huku na huku, nikabonyeza kitufe, sikusema kitu, nikaachia.

Kshhh-tu.

Nikairudisha kwenye mto, nikakimbia.